Nyungunyungu Wengi Si Hakikisho la Udongo Salama

Mkulima akutapo nyungunyungu wengi shambani hufurahi, na furaha hiyo ina msingi. Viumbe hao hutoboa ardhi ili maji na hewa vipenye, na huyageuza majani makavu kuwa rutuba. Hata hivyo, kuwapo kwao hakuthibitishi kwamba udongo hauna sumu.

Ushahidi umepatikana Devon Great Consols, mgodi wa zamani kusini-magharibi mwa Uingereza. Mgodi huo ulianza kutoa shaba mwaka 1844, na baadaye aseniki. Uchimbaji mkubwa ulikoma mwanzoni mwa karne ya 20, lakini aseniki ingali ardhini, kwa kuwa haiozi. Katika mabaki hayo wanaishi nyungunyungu wa aina ya Lumbricus rubellus. Watafiti walipowajaribu katika udongo uliotiwa aseniki nyingi, wao waliendelea kuishi, ilhali wenzao waliotoka mahali safi walikufa.

Siri yao ni kuifungia sumu. Aseniki iingiapo mwilini hushikwa na chembechembe zenye salfa, kisha huhifadhiwa katika tishu ya manjano inayozunguka utumbo. Kadimi nayo hunaswa na protini iitwayo metalothionini. Sumu hiyo haimdhuru nyungunyungu kwa urahisi, lakini haijatoweka. Imewekwa akiba mwilini mwake.

Jambo hili linawahusu wakazi waishio karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu. Katika maeneo mengi mawe ya dhahabu huwa na aseniki, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Zote mbili huweza kubaki katika marudio. Kuku anayedonoa nyungunyungu wa mahali hapo humeza pia sumu waliyoihifadhi, nayo yaweza kumfikia mlaji kupitia mayai au nyama.

Kwa hiyo wakazi wanashauriwa wasilime mboga juu ya marudio wala kandokando yake, na wasiyatumie katika vitalu vya miche. Kuku na watoto wazuiwe kufika hapo. Mboga za majani zioshwe kwa maji safi, na mazao ya mizizi yamenywe kabla ya kupikwa. Mwenye shaka na shamba lake amwone afisa kilimo wa kata, apate maelekezo ya kuchukua sampuli ya udongo na kuipeleka maabara. Usalama wa udongo hujulikana kwa kupimwa, si kwa kutazamwa.