Kabla ya Kumnyanyua Majeruhi: Misingi ya Elimu ya Mhudumu wa Dharura

Ajali inapotokea barabarani, jambo la kwanza tulifanyalo wengi wetu ni kukimbilia. Mmoja humshika majeruhi mabegani, wa pili humkamata miguu, wa tatu husimamisha gari lolote lipitalo, na kufumba na kufumbua mtu amekwisha kupakiwa nyuma kama gunia la mkaa. Nia ni njema, na hapana amlaumuye mwenye kutaka kuokoa. Lakini nia njema isiyo na elimu yaweza kuuharibu uti wa mgongo ambao ajali yenyewe iliuacha mzima, na mtu aliyevunjika mfupa mmoja akafika hospitali akiwa hawezi tena kuiinua miguu yake.

Juma hili, katika kurasa zetu za familia, tumeona ni vema tuieleze elimu ya msingi anayofundishwa mhudumu wa tiba ya dharura, yule afikaye na gari la wagonjwa kabla ya daktari. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, wapo vijana wetu wa kike na wa kiume wanaotafuta kazi yenye heshima, nao hawajui kwamba hii ni fani yenye masomo na mitihani yake, wala si udereva tu. Pili, katika miji na vijiji vyetu, mtu wa kwanza kumfikia mgonjwa aghalabu si mhudumu huyo. Ni jirani, mwenye duka, au kijana wa bodaboda.

Kazi hii ilivyoanza

Katika miaka ya 1790, Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi vitani wakati mapigano yakiendelea. Alishikilia pia kwamba atibiwe kwanza aliye hatarini zaidi, awe afisa au askari wa kawaida. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo: zamu huamuliwa na jeraha, wala haitazami cheo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu gari la wagonjwa lilikuwa chombo cha kubebea tu. Nchini Marekani, hadi miaka ya 1960, katika miji mingi wagonjwa walichukuliwa na magari ya polisi au ya watayarishaji wa mazishi, na aliyekuwa ndani hakujua hata kumfungulia mtu njia ya hewa. Mwaka 1966 ilitolewa ripoti ya kitaifa iliyoonyesha jinsi watu walivyokufa kwa ajali kwa kukosa huduma ya awali. Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, katika mtaa wa Hill uliokaliwa na Wamarekani weusi, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Daktari Peter Safar, ambaye binti yake alifariki mwaka 1966 baada ya kushikwa na pumu, alisimamia mafunzo ya wakazi wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawana kazi. Watu waliodharauliwa wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kumtibu mgonjwa ndani ya gari, njiani. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1975, lakini daktari wao, Nancy Caroline, aliandika kitabu cha mafunzo kilichosomwa na wanafunzi wa fani hii kwa miaka mingi.

Huku kwetu, idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya iliweka wazi kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Ni safari changa, na inahitaji watu.

Jicho hutangulia mkono

Somo la kwanza la mwanafunzi ni kusimama, si kukimbia. Kabla hajamgusa mgonjwa, hutazama: je, magari bado yanapita? Kuna petroli iliyomwagika? Waya wa umeme umeanguka? Mwokoaji anapogongwa au kunaswa na umeme, majeruhi huwa wawili na mwokoaji hana. Kisha huvaa glovu, kwa kuwa damu ya mtu asiyemjua yaweza kubeba maradhi. Asipokuwa nazo, hata mfuko safi wa plastiki mkononi ni bora kuliko mkono mtupu.

Baada ya hapo hufuata mpangilio usiobadilishwa na kelele za watu. Damu inayobubujika huzuiwa kwanza, kwa kugandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kufunuafunua kuona kama imekoma. Kisha njia ya hewa: je, ulimi, matapishi au damu vimeziba koo? Kisha pumzi: je, kifua chapanda na kushuka? Kisha mzunguko wa damu: mapigo, na hali ya ngozi. Halafu ufahamu, unaopimwa kwa ngazi nne: yu macho, aitika sauti, aitika maumivu, au haitikii chochote.

Mpangilio huu una sababu yake. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika katika muda wa dakika nne hadi sita. Mguu uliovunjika, hata ukitisha kwa kuutazama, waweza kusubiri. Mhudumu asiyefundishwa huvutwa na kilio kikubwa, ilhali aliyefundishwa humwendea kwanza yule aliyenyamaza.

Mwanafunzi hujifunza pia kuhesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Pumzi huhesabiwa huku mhudumu akiwa bado ameshika kiganja kana kwamba anahesabu mapigo, kwani mtu akijua kuwa pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kukusudia. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, weupe unaoashiria upungufu wa damu hutafutwa ndani ya mdomo, ndani ya kope na viganjani. Ngozi ikiwa baridi na yenye jasho, mapigo yakawa ya haraka na dhaifu, huenda mtu anavuja damu tumboni hata kama nje hana mchubuko.

Moyo ukisimama, kifua hugandamizwa katikati, kwa kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kifua kiachwe kirudi juu. Aliyefundishwa kupuliza pumzi hutoa mbili baada ya kila migandamizo 30. Asiyefundishwa agandamize tu bila kukoma mpaka msaada ufike.

Kuuliza, idhini na sitara

Sehemu kubwa ya elimu hii ni ulimi. Mhudumu huuliza: waumwa wapi? Kuna dawa isiyokupatana? Watumia dawa gani? Una maradhi ya zamani? Mara ya mwisho ulikula au kunywa nini, na saa ngapi? Ulikuwa ukifanya nini yalipokupata haya? Swali la chakula ni zito zaidi katika mwezi wa Ramadhani, kwani mgonjwa wa kisukari aliyeanguka saa kumi alasiri yaweza kuwa sukari yake imeshuka. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kudumu ingefaa iwe na karatasi moja yenye majibu haya, ikawekwa mahali panapojulikana na wote.

Mwanafunzi hufundishwa kwamba mwili wa mgonjwa ni wa mgonjwa. Mwenye fahamu huombwa ruhusa, naye ana haki ya kukataa baada ya kuelezwa hatari zake. Asiye na fahamu huhesabiwa kuwa angeridhia kuokolewa. Kinachofunuliwa ni kile tu kinachohitaji kutazamwa, kisha hufunikwa tena, na kilichoonekana au kusikiwa hakisimuliwi barazani.

Hapa tungependa kusema na wanaume wa nyumba zetu. Zipo familia ambazo mama akianguka, hutokea mabishano mlangoni juu ya nani amguse, na dakika zikapita. Wahudumu wa kike wangeliondoa jambo hili kwa sehemu kubwa, nao hawatapatikana iwapo sisi wenyewe tunawazuia mabinti zetu kusoma fani hii. Lakini saa ya hatari, akiwa hayupo mwanamke, uhai hausubiri, na dharura ina hukumu yake. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake leo, kabla hayajamfika, ili siku hiyo pasiwe na mjadala.

Ya kufanya nyumbani

Yapo mambo ambayo mhudumu huyakuta yamekwisha kuharibiwa na wenye nyumba. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, unga wala mafuta. Mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye, mlazeni ubavu, mtazame saa: degedege ikipita dakika tano, hiyo ni dharura. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe maji wala sukari, maana vitaingia mapafuni. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Aliyepaliwa na asiyeweza kukohoa wala kusema apigwe mara tano mgongoni kati ya mabega, kisha agandamizwe tumbo mara tano kutoka nyuma, kwa kupokezana. Kichanga chini ya mwaka mmoja hagandamizwi tumbo, bali kifua.

Na yule wa barabarani? Kama hakuna moto wala hatari nyingine pale alipo, mwacheni alale, mmoja akishike kichwa chake kisigeuke, na mwingine azungumze naye. Ikilazimu kumsogeza, kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja kama gogo moja, juu ya ubao au mlango ulio bapa.

Tanzania ipo namba 115 ya mpango wa m-mama, isiyotozwa malipo, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Pasipo na gari la wagonjwa, mpango huo huwatumia madereva wa jamii. Tuiandike namba hiyo ukutani, pamoja na ya zahanati na ya jirani mwenye gari.

Misikiti yetu ina kumbi, na madrasa zetu zina vijana. Wauguzi na waganga wamo miongoni mwa waumini wetu. Asubuhi moja ya Jumamosi yatosha kuwafundisha watu thelathini namna ya kuzuia damu, kugandamiza kifua na kumlaza mgonjwa ubavu. Kamati ya msikiti itakayoanza haitahitaji fedha nyingi: itahitaji mkeka, vitambaa, na mtaalamu mmoja aliye tayari kutoa asubuhi yake.