Hofu na Lawama katika The Magnus Archives

The Magnus Archives ni mchezo wa sauti wa kutisha uliotungwa na Jonathan Sims wa Uingereza. Vipindi vyake 200 vilirushwa kati ya 2016 na 2021. Mhusika mkuu, Jon, aliyepewa jina la mtunzi mwenyewe, ni mtunza nyaraka wa taasisi moja ya London inayopokea maelezo ya watu waliokumbwa na mambo ya ajabu. Huyasoma mbele ya kinasa sauti cha kaseti, kwa kuwa maelezo ya kweli hayanasiki kwenye kompyuta.

Kipindi cha kwanza kinatosha kuonyesha nguvu ya sauti. Usiku, katika kichochoro cha Edinburgh, mtu asiyeonekana vizuri anamwomba mpita njia sigara. Anarudia ombi lake kwa sauti ile ile, isiyopanda wala kushuka, huku mwili ukiyumba taratibu. Msikilizaji haonyeshwi sura ya kiumbe huyo. Humuumba mwenyewe, kwa hofu alizonazo.

Hata hivyo, mazimwi peke yao yangezoeleka mapema. Kinachowashika wasikilizaji hadi mwisho ni ugumu wa kuwahukumu wahusika. Gertrude Robinson, aliyemtangulia Jon kazini, alizuia ibada ambazo zingeugeuza ulimwengu kuwa makao ya hofu. Ili kuizuia mojawapo, alimtoa kafara Michael, msaidizi aliyemwamini kabisa. Watu waliokolewa, lakini kwa usaliti. Daisy, askari polisi aliyekaribia kumuua Jon, baadaye anaokolewa na Jon huyo huyo. Kisha Daisy, aliyezoea kuwinda watu na mazimwi, anakataa kuwinda tena, ingawa kuacha kunamdhoofisha.

Jon ndiye mgumu kuliko wote. Anaanza akiwadharau watoa maelezo, sauti yake kavu, ya mtu anayejiona mjuzi. Kadiri vipindi vinavyosonga, maelezo yanakuwa chakula chake. Anapobanwa na njaa anawatafuta watu na kuwalazimisha kusimulia yaliyowapata, na tangu siku hiyo ndoto mbaya huwaandama, naye akiwa humo akiwatazama. Anajua ni uovu, anajutia, anarudia. Mtunzi hamtetei wala hamtupi, na hapo ndipo ufundi wake unapong'aa: msikilizaji anayetaka kumlaani naye amekuwa akisubiri kwa hamu, kipindi baada ya kipindi, kusikia mtu mwingine akieleza siku mbaya kuliko zote maishani mwake.