Stakabadhi ya ghala: Karatasi bila mkopo haimsaidii mkulima wa Tarime

Kila msimu wa mazao ya biashara unapofunguliwa mkoani Mara, swali la kwanza la mkulima huwa ni kwamba fedha atazipata lini. Bei ni swali la pili. Mkulima wa kahawa wa Tarime anayetakiwa kupeleka mzigo wake chama cha msingi na kusubiri mnada, pamoja na mwenzake wa pamba huko Serengeti anayesikia habari za stakabadhi ya ghala, wote wawili huhesabu siku kabla ya kuhesabu shilingi.

Wengi huudhani mfumo wa stakabadhi kuwa ni ubunifu wa wakubwa wa Dodoma. Ukweli ni kwamba wazo lenyewe limepita umri wa miaka 130, na miongoni mwa waliolipigania kwa nguvu ni wakulima wa pamba wenye madeni kusini mwa Marekani.

Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, mkulima wa Texas au Georgia alichukua mbegu, unga na nguo kwa mkopo dukani, akiweka rehani pamba ambayo bado iko shambani. Mavuno yakifika, wote huuza kwa wakati mmoja, bei inaporomoka, deni linabaki. Biashara hiyo haiko mbali na ile ambayo Kagera huitwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa.

Desemba 1889, katika mkutano wa wakulima mjini St. Louis, kiongozi wao Charles Macune aliwasilisha mpango. Serikali ijenge maghala katika wilaya zenye mazao mengi. Mkulima ahifadhi mzigo, apewe stakabadhi, na papo hapo akopeshwe asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka. Kisha auze bei inapopanda. Wenye mabenki walidhihaki, Bunge likakataa. Wakulima wakaunda chama chao cha siasa, na mwaka 1892 mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja na bado akashindwa. Mwaka 1896 waliungana na chama cha Democrats kumuunga mkono Bryan. Naye akashindwa, na chama kikafifia.

Chama kilikufa, lakini sera zake zilichukuliwa na watu wengine. Kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, ambayo chama hicho kiliidai mwaka 1892, iliruhusiwa na katiba mwaka 1913. Mwaka 1916, chini ya Rais Wilson, zilipitishwa sheria mbili kwa mpigo, moja ya maghala yenye leseni na nyingine ya mikopo ya muda mrefu kwa wakulima. Mwaka 1922 vyama vya ushirika viliruhusiwa kuuza kwa pamoja bila kushtakiwa kwa kuhodhi soko. Na mwaka 1933 serikali ya Roosevelt ikaanzisha shirika la kukopesha wakulima kwa dhamana ya mazao yaliyohifadhiwa, ambalo linafanana sana na ndoto ya Macune. Wanasiasa wa Marekani wamegombana tangu wakati huo juu ya viwango vya kodi na ruzuku. Kuifuta kodi yenyewe hawajathubutu.

Turudi Kanda ya Ziwa. Huku nako mageuzi yalianzia kwa wakulima wa pamba, waliochoshwa na mizani za wanunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, na katika miaka michache likashika ununuzi wa pamba ya kanda. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu na kukabidhi kazi kwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini vilirudi vikiwa hoi, na msimu wa 1994/95 pamba na kahawa zikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Waliofika na fedha taslimu walipendwa mara moja, hata pale bei yao ilipokuwa duni.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kwa korosho za Mtwara mwaka 2007. Stakabadhi yetu ina sehemu mbili, hati ya umiliki na hati ya dhamana. Hati ya pili ndiyo ya kukopea benki. Kwenye karatasi, Macune asingekuwa na la kuongeza.

Tatizo ni riba na muda. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima ana kilo 500 za kahawa, bei ya siku ni shilingi 5,000, mzigo wote una thamani ya shilingi 2,500,000. Akikopeshwa asilimia 80 ni shilingi 2,000,000. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi mitatu itamgharimu 90,000. Ongeza ushuru wa ghala, tuseme 20,000. Bei isipopanda zaidi ya shilingi 220 kwa kilo, kusubiri ni hasara. Kwa riba ya Macune, miezi hiyo mitatu ingegharimu shilingi 5,000 tu, na kupanda kwa shilingi 50 kungetosha kurudisha gharama.

Hapo tumedhani kwamba mkopo umetoka siku ile ile. Malipo yakichelewa hesabu yote inavunjika, na hasira huja juu. Aprili 2013 wakulima wa korosho wa Liwale walifanya fujo wakidai malipo yao ya pili, na nyumba zikachomwa moto.

Kuna tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana. Sheria ya Marekani ya 1916 haikumlazimisha mkulima kupitia ghalani. Aliyeona faida aliingia. Kwetu, tangu mwaka 2018 kahawa imeelekezwa ipite vyama vya ushirika hadi mnadani. Mkulima amepewa ghala, lakini siku ya kuuza haichagui yeye. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ile nguvu ya kusubiri bei, ambayo ndiyo ilikuwa shabaha ya mpango wa 1889, imebaki mikononi mwa chama.

Tarime ina jambo la ziada ambalo Mtwara hawakuwa nalo kwa kiwango hicho: mpaka wa Sirari uko karibu, na kahawa ya wilaya hiyo imevuka kwa magendo kwenda Kenya kwa miaka mingi. Doria zimewekwa na mizigo imekamatwa. Lakini mnunuzi wa ng'ambo halipi kwa awamu. Anafika na fedha mfukoni, wakati ambapo mtoto anahitaji sare na ng'ombe wa nyumbani hataki kuuzwa. Chama cha msingi kinachoweza kutoa hata asilimia 60 siku ya kupima mzigo kitakuwa kimeshindana naye kuliko gari la doria. Mkulima anayekwenda kwenye mkutano mkuu wa chama chake msimu huu na aulizie mambo mawili kabla ya bei: benki gani imekubali kukopesha, na kwa riba ya asilimia ngapi.