Sanduku la Risasi kama Matini: Kutambua na Kutafiti Masalio ya Vita katika Eneo la Muthara

Utangulizi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Katika baadhi ya maboma ya Meru, si ajabu kukuta sanduku la chuma lenye kifuniko kizito likiwa limehifadhi misumari ya fundi, hati za shamba au mbegu za msimu ujao. Wenyewe huliita sanduku tu. Wajukuu wanajua kuwa ni la babu, lakini hawajui babu alilipata wapi. Siku mnunuzi wa vyuma kuukuu anapopita, sanduku hilo hupimwa kwa kilo na kuondoka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti anavyoweza kulitambua sanduku la risasi, pamoja na vifaa vingine vya kijeshi, na kuvihusisha na historia ya watu waliovitumia. Eneo linalozingatiwa ni Muthara, katika Tigania Mashariki, pamoja na sehemu zinazolizunguka. Hoja kuu ni kwamba kifaa cha vita ni matini. Kina maandishi, kina muktadha, na kina wasimulizi. Anayekisoma kwa pupa hukipotosha kama anavyoweza kulipotosha shairi.

Njia Zilizoleta Vifaa Hivi

Kosa la kwanza la watafiti wengi ni kudhani kwamba kila kifaa cha kijeshi kilichopatikana Meru ni cha Mau Mau. Kwa hakika, njia ni nyingi.

Njia ya kwanza ni jeshi la kikoloni la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Kiswahili kiliyabana maneno hayo matatu kikapata jina la Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Isiolo na Nanyuki zilikuwa vituo muhimu vya majeshi yaliyoelekea kaskazini kupambana na Waitalia nchini Ethiopia. Addis Ababa ilitekwa Aprili 1941. Baadaye, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944. Askari walioachiliwa walirejea makwao na blanketi, makoti, shanta, chupa za maji na wakati mwingine masanduku matupu.

Njia ya pili ni wafungwa wa vita wa Kiitalia. Wengi waliletwa Kenya, na kambi mojawapo ilikuwa Nanyuki. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini humo, wakapanda Mlima Kenya kwa zana walizojiundia kwa vyuma vya jalalani, kisha wakarudi kambini wenyewe. Kisa hicho kinamwonya mtafiti: kifaa cha ajabu kilichopatikana kando ya mlima huenda hakikutoka katika kiwanda chochote.

Njia ya tatu ni vita vya ukombozi. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Wapiganaji walipata silaha kwa kuiba, kununua na kuvamia. Uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha wa Machi 1953 uliwapa bunduki na risasi nyingi. Upande wa pili, serikali iliwapa silaha walinzi wa vijiji, na vituo vya walinzi hao vilihitaji masanduku.

Njia ya nne ni ya baada ya uhuru. Polisi wa akiba katika maeneo yanayokumbwa na wizi wa mifugo walipewa bunduki aina ya .303. Zaidi ya hayo, jeshi la Uingereza limeendelea kufanya mazoezi katika nyanda za Laikipia na Samburu. Hivyo, sanduku moja linaweza kuwa na asili yoyote kati ya hizi, na ni juu ya mtafiti kuthibitisha.

Kusoma Sanduku

Hatua ya kwanza ni umbo. Mtafiti aangalie kama sanduku ni la mbao au la chuma, kama mishikio ni ya kamba, ya waya au ya bati, na jinsi kifuniko kinavyofungwa. Masanduku ya chuma ya Kimarekani ya mwishoni mwa Vita vya Pili yalikuwa na komeo upande mmoja na mpira chini ya kifuniko wa kuzuia unyevu. Muundo huo uliigwa na nchi nyingi na ungali unaigwa. Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kutaja mwaka.

Hatua ya pili ni rangi. Rangi ya juu mara nyingi si ya kwanza. Sanduku liliweza kupakwa upya jeshini, kisha likapakwa tena nyumbani. Chini ya rangi ya mwenye boma huenda kuna kijani cha jeshi, na chini ya kijani hicho kuna maandishi. Ni mwiko kulikwangua kwa msasa au kulipaka mafuta ili ling'are. Kulisafisha kwa namna hiyo ni sawa na kufuta mstari wa mswada kwa sababu mwandiko wake haupendezi. Kitambaa laini kikavu na mwanga wa kurunzi unaopigwa kutoka ubavuni hutosha kuonyesha herufi zilizofifia.

Hatua ya tatu ni maandishi yenyewe. Alama ya mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu huonyesha mali ya serikali ya Uingereza au ya makoloni yake. Karibu nayo huwa pana herufi na tarakimu za aina ya sanduku, tarakimu za Kirumi zinazoonyesha toleo, alama ya kiwanda na mwaka. Kipimo cha risasi kikiandikwa, huwa ushahidi mkubwa. Kipimo cha .303 kilitumika katika bunduki za Lee-Enfield tangu mwishoni mwa karne ya 19, kikapita vita vyote viwili vya dunia na kipindi cha hali ya hatari. Kipimo cha 7.62 mm chenye ganda la urefu wa 51 mm kilikubaliwa na jumuiya ya NATO mwaka 1954. Sanduku lililoandikwa hivyo kiwandani haliwezi kuwa lilibebwa Burma, hata kama familia inasimulia hivyo kwa dhati. Hata hivyo, tarakimu 7.62 pekee hazitoshi, kwa kuwa Urusi nayo ilikuwa na vipimo vyake vya 7.62 mm, kimojawapo tangu mwaka 1891.

Maganda matupu nayo husomwa kitakoni. Ganda la .303 lenye herufi K, tarakimu 43 na VII linasema kwamba lilitengenezwa na kiwanda cha Kynoch mwaka 1943, na kwamba ni toleo la saba, lililoanza kutumika mwaka 1910. Jambo la kukumbukwa ni kwamba mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kutumiwa. Risasi ya 1943 iliweza kufyatuliwa mwaka 1954. Mwaka ulioandikwa huweka mpaka wa nyuma tu: kifaa hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Silaha Zisizo na Chapa

Wapo pia mashahidi wasio na maandishi. Wapiganaji wa msituni walijiundia bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango, msumari na vipande vya mpira wa gurudumu. Silaha kama hizo hazina kiwanda wala mwaka. Zinatambulikana kwa alama za tupa, kwa kipenyo cha bomba na kwa usimulizi wa walioziona. Kwa macho ya mnunuzi wa vyuma, hicho ni kipande cha bomba kilichopindika. Kwa hiyo ndizo zilizo hatarini zaidi kupotea, ilhali ndizo zinazobeba ubunifu wa wenyeji bila mkono wa kiwanda cha ng'ambo.

Ukimya wa Wazee

Mtafiti anayefika katika boma na kuuliza kuhusu risasi asishangae akijibiwa kwa kimya. Wakati wa hali ya hatari, kupatikana na risasi bila kibali kuliweza kumpeleka mtu kitanzini. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa kwa kuwa na bastola na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hata baada ya uhuru, Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Meru, alitoka msituni uhuru ulipopatikana bila kuwahi kukamatwa, lakini wengi waliokuwa chini ya viongozi kama yeye walizika vifaa vyao na habari zake pamoja.

Kwa sababu hiyo, maswali yaanze mbali. Badala ya kuuliza mwaka, mtafiti aulize rika: Je, sanduku lilifika wakati rika la Michubu, Ratanya au Lubetaa lilipokuwa na zamu gani? Wazee wa Tigania hupanga nyakati kwa marika, na jibu hilo huweza kulinganishwa na mwaka uliopigwa chapa. Masimulizi na chuma vikipatana, ushahidi huwa imara. Visipopatana, mtafiti asimwite mzee mwongo. Huenda sanduku alilolisimulia lilibadilishwa na jingine. Mgala muue na haki mpe.

Baada ya hapo hufuata hati. Nyaraka za Kitaifa za Kenya jijini Nairobi zina majalada ya utawala wa wilaya. Faili za kikoloni zilizokuwa zimefichwa Uingereza zilikiriwa kuwapo mwaka 2011 wakati wa kesi ya wahanga wa Mau Mau, zikaanza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012.

Ushahidi wa Lugha na Fasihi

Mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo mkusanyaji wa kawaida hana. Maneno yenyewe ni masalio. Risasi lilitoka katika neno la Kiarabu la madini ya plumbi. Singe lilikuja na Wahindi. Kariakoo ni kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza kilichobaki kuwa jina la mtaa jijini Dar es Salaam. Mzee anayesema gobori hazungumzii silaha ile ile ya anayesema bastola. Kunakili neno kamili lililotamkwa ni sehemu ya utambuzi.

Fasihi nayo huonyesha thamani ya kifaa kilichofichwa. Katika Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, bunduki husafirishwa ndani ya mkate. Msomaji anayejua kwamba risasi moja ilitosha kumnyonga mtu ataelewa uzito wa mkate huo.

Usalama na Sheria

Sanduku tupu ni historia. Risasi nzima ni hatari, na kuimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wamaasai na Wasamburu 228 walioathiriwa na mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi, yakiwemo ya Archers Post, si mbali na Isiolo. Kitu chochote ambacho hakijalipuka kisiguswe wala kutikiswa, polisi waarifiwe. Vifaa salama vipigwe picha mahali vilipo, vipimwe, na Makumbusho ya Meru yajulishwe.

Hitimisho

Imebainika kwamba utambuzi wa masalio ya vita huhitaji mambo manne kwa pamoja: umbo, maandishi, masimulizi na hati. Likikosekana moja, mengine huyumba. Chuma kitadumu miaka mingi, lakini msimulizi hatadumu. Ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili, hasa wanaotoka Meru na Embu, kuanza na maboma ya kwao kabla sanduku halijafika mizanini.