MLANGO WA GARI UNA KIPIMO CHAKE



Wengi wetu hapa Kampala tunapakia na kupakua magari kila siku. Mafundi wa Katwe wanaweza kuchomelea ngazi au tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma, lakini mlango una kipimo chake.

Mlango unaofunguka kwenda juu hushikiliwa na fimbo zenye gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Kiwandani zilichaguliwa kulingana na uzito wa mlango mtupu. Kilo 5 zikifungwa mita 1 kutoka bawaba huvuta mara 5 kuliko zikifungwa sentimita 20. Gesi ikipungua kwa uchakavu, mlango humwangukia aliye chini yake. Hata kifuniko cha buti ya mbele cha baadhi ya magari ya umeme, kinachoinuliwa na mota, kikiongezewa uzito mota huweza kusimama njiani, kana kwamba imegusa mkono wa mtu.

Tusikubali kuegemeza mti mahali pa fimbo mpya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ya usalama na afya kazini inamtaka mwajiri aweke vyombo salama. Tudai mzigo uondolewe, au fimbo zenye nguvu ya kutosha zifungwe.

Kichwa cha mfanyakazi hakina spea, hata Kisekka.