Mtoto Mwenye Kisogo Bapa: Yawapasa Wazazi Kufanya Nini?

Mtoto akizaliwa, watu wa nyumbani hawakawii kukitazama kichwa chake. Nyanya atasema kimechongoka, shangazi atasema kimelala upande, na mama aliyechoka kwa uzazi ataanza kuingiwa na wasiwasi. Mara nyingi hapana neno. Kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa huweza kuwa na umbo la namna yake, nacho hujinyoosha chenyewe katika siku au majuma machache.

Lakini liko jambo jingine ambalo huanza baadaye, polepole, bila kelele. Mtoto akaribiapo umri wa miezi miwili, mama amwogeshapo huona ya kuwa kisogo kimekuwa bapa, au upande mmoja wa kichwa umelala kana kwamba uliegemezwa ukutani. Jambo hili ndilo tutakalolieleza hapa: asili yake, namna ya kulizuia na kulitengeneza, na dalili zinazotaka daktari bila kukawia.

Liko neno moja ambalo twataka kila msomaji alishike tangu mwanzo. Hata kichwa kikiwa bapa namna gani, usimlaze mtoto kifudifudi ili kukiokoa kisogo chake. Sababu yake itaonekana hapa chini.

KWA NINI KICHWA HUWA BAPA

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja mgumu kama fuvu la mtu mzima. Ni mabamba kadhaa ya mifupa laini, yaliyokaribiana lakini hayajashikamana, na kati yake imo mishono inayoyaunganisha. Mishono hiyo ikutanapo huachwa nafasi zisizo na mfupa. Iliyo kubwa ndiyo utosi, ambao kila mama huujua kwa kudundadunda kwake.

Mpango huu una faida mbili. Kwanza, mabamba huweza kusogeleana ili mtoto apite njia ya uzazi. Pili, ubongo hupata nafasi ya kukua. Nao hukua upesi ajabu. Kichwa ambacho siku ya kuzaliwa kilikuwa na mzingo wa sentimita 34 au 35 hufika yapata sentimita 45 au 46 mtoto atimizapo mwaka mmoja. Utosi nao, kwa watoto walio wengi, hufunga kabla ya kutimia miaka miwili.

Kitu kilicho laini, tena kinachokua, hufuata njia iliyo wazi. Kila mkulima amepata kuona boga lililolala juu ya jiwe shambani: upande ulioguswa na jiwe huwa bapa, na pande nyingine huvimba. Ndivyo kilivyo kichwa cha mtoto. Akilala saa nyingi usiku na mchana akiegemea mahali pamoja, mfupa hauwezi kukua kuelekea godoro, nao hukua kuelekea kwingine. Ukimpakata na kumtazama kutoka juu utaona ya kuwa upande mmoja wa kisogo umelala, na sikio la upande ule ule limesogea mbele kidogo kupita la pili. Kama hulala akitazama juu sawasawa, kisogo chote huwa bapa na kichwa huwa kipana.

Wako watu waliojua tabia hii ya fuvu tangu zamani na kuitumia kwa makusudi. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo walikuwa wakivifunga na kuvikaza vichwa vya watoto wachanga ili virefuke kwenda nyuma, kwa kuwa umbo hilo lilihesabiwa kuwa uzuri na heshima. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku desturi hiyo, nayo ilikoma katika miaka ya 1950. Walifanya kwa kamba na kwa nia yale ambayo leo godoro huyafanya pasipo mtu kukusudia.

Watoto wengine hupatwa upesi kuliko wenzao: waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa kuwa mifupa yao ni laini zaidi, mapacha, ambao hubanana tumboni, na wale ambao msuli mmoja wa shingo umekaza, hata wakawa hawageuzi uso ila upande mmoja tu.

KWA NINI WAMEZIDI

Zamani katika nchi za Ulaya na Marekani wazazi wengi walishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi. Baadaye waganga wakatambua ya kuwa watoto waliolazwa hivyo walikuwa wakifa ghafula usingizini, pasipo ugonjwa uliojulikana, kwa wingi kuliko waliolala chali. Mwaka 1991 Uingereza ilianza kuwatangazia wazazi wote wawalaze watoto chali. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa shauri kama hilo, na mwaka 1994 matangazo yakaenea nchi nzima. Matokeo yalikuwa makubwa: katika muda wa miaka 10 hivi vifo hivyo vilipungua huko Marekani kwa kiasi cha nusu.

Faida hiyo kubwa ilikuja na hasara ndogo. Visogo bapa viliongezeka. Huko Calgary, nchini Kanada, wataalamu waliwapima watoto 440 wa umri wa majuma 7 hadi 12, na habari zake zilitolewa mwaka 2013. Karibu nusu yao walikuwa na ubapa wa kichwa, ingawa kwa walio wengi ulikuwa mdogo tu.

Basi msomaji apime mwenyewe. Upande mmoja wa mizani upo uhai wa mtoto. Upande wa pili lipo umbo la kisogo, ambalo mara nyingi hurudi lenyewe na baadaye hufunikwa na nywele. Hapana haja ya kubishana ni upi mzito. Kwa hiyo mtoto na alazwe chali kila alalapo, usiku na mchana, juu ya godoro lisilobonyea sana, pasipo mto wala nguo nzito karibu na uso wake, na pasipo mtu kuvuta sigara ndani ya nyumba. Kazi ya kukitunza kichwa ifanywe wakati mtoto yu macho.

JE, UBONGO HUDHURIKA?

Swali hili huwanyima usingizi wazazi wengi. Jibu ni kwamba ubapa unaotokana na kulala hauubani ubongo. Ubongo huendelea kukua kama kawaida, ila hukua katika chombo chenye umbo tofauti kidogo. Walakini mtoto aachwaye chali kutwa nzima hupungukiwa na mazoezi ya shingo, mabega na mikono, na kwa sababu hiyo huweza kuchelewa kuinua kichwa au kukaa. Yafaa hilo liangaliwe pamoja na kisogo chenyewe.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mpe mtoto nafasi ya kulala kwa tumbo akiwa macho, huku mtu mzima akimtazama. Anza tangu siku za kwanza, kwa dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2019 ya kuwa mtoto asiyeweza bado kutambaa apate jumla ya dakika 30 au zaidi kila siku. Mkeka safi sakafuni watosha. Hata kifua cha mama au cha baba aliyejinyoosha chali chafaa. Usifanye hivyo mara tu baada ya kunyonya, asije akatapika. Akisinzia, mgeuze chali.

2. Mbebe. Hapa wazee wetu walituachia dawa isiyonunuliwa dukani. Mtoto aliye katika mbeleko hakiegemezi kisogo chake juu ya kitu kigumu, na shingo yake hupata nguvu kwa kutazama huku na huku. Mchanga ambaye shingo yake haijakaza abebwe kifuani, kichwa kikiwa kimeshikwa vizuri. Uso wake uonekane, pua isifunikwe, wala kidevu kisibanwe kifuani pake.

3. Badilisha upande wa kulala. Watoto hupenda kugeukia mlango, dirisha au mahali alipo mama. Leo mlaze kichwa upande huu wa kitanda, kesho upande ule, ili ageuze shingo pande zote mbili. Akiisha kulala fofofo waweza kukigeuza kichwa chake taratibu upande usio bapa, naye akiwa bado chali.

4. Badilisha mkono wakati wa kumlisha. Anyonyaye maziwa ya mama hubadilishwa ziwa, na kwa hiyo hugeuka. Anyweshwaye kwa chupa mara nyingi hushikwa mkono ule ule siku zote. Jambo hili na liangaliwe.

5. Punguza muda wa kumweka katika viti vya watoto. Kiti cha motokaa ni cha safari, nacho humlinda mtoto barabarani. Lakini si kitanda. Mkifika nyumbani, mtoeni.

Twapenda kusema neno kwa wazazi wa mijini waendao kazini na kumwachia yaya mtoto. Yaya mwenye kazi nyingi humlaza mtoto kitandani, na mtoto mpole asiyelia huachwa pale toka asubuhi hata jioni. Huo upole wake ndio umponzao. Mwelezeni yaya mambo haya matano, mkamwonyeshe kwa vitendo, tena mkampunguzie kazi nyingine ili apate nafasi ya kuyafanya. Akina baba nao wasidhani ya kuwa maneno haya ni ya wanawake tu: dakika 10 za baba na mtoto mkekani kila jioni ni msaada mkubwa.

MAMBO YASIYOFAA

Mahali pengi iko desturi ya kukikanda kichwa cha mtoto kwa maji ya moto, au kukibonyeza kwa viganja ili kiwe mviringo. Nia ni njema, lakini ngozi ya mtoto huungua upesi, na mifupa iliyo laini haitaki nguvu. Kumwosha na kumpapasa kwa upole hakuna ubaya. Kumbonyeza na kumchoma, hapana. Wala shingo iliyokaza isikunjuliwe kwa nguvu.

Kadhalika iko mito yenye shimo katikati, iuzwayo kwa madai ya kuwa hutengeneza kichwa. Mnamo Novemba 2022 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya uganga iliwaonya wazazi wasiitumie, kwa kuwa yaweza kumziba mtoto pumzi na faida yake haikuthibitishwa.

Katika nchi nyingine watoto huvikwa kofia ngumu iliyofinyangwa kwa kipimo cha kichwa, nao huivaa karibu kutwa kucha kwa miezi kadhaa. Huko Uholanzi watoto 84 wenye ubapa wa kiasi au mkubwa waligawanywa makundi mawili: kundi moja likavikwa kofia, la pili likaachwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2014. Walipotimiza miaka miwili, makundi yote mawili yalikuwa sawa, na waliovikwa walipata taabu, hasa ya ngozi kuwashwa. Madaktari wengine bado huitumia kwa watoto ambao ubapa wao ni mkubwa mno, lakini mzazi asiyeweza kuinunua asijione amemnyima mwanawe tiba.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Hapa Kenya mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Siku hizo ni nafasi njema ya kumwomba mwuguzi akitazame kichwa na kukipima. Usingoje siku ya chanjo uonapo mojawapo ya dalili hizi:

1. Mtoto hugeuza uso upande mmoja tu, au kichwa kimeinama upande siku zote. Shingo ikiwa imekaza, mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamfundisha mama namna ya kuinyoosha, na matunda huwa mazuri kazi hiyo ikianza mapema.

2. Pana tuta gumu juu ya mshono wa fuvu, au kichwa hakikui. Mtoto mmoja hivi katika kila 2,000 au 2,500 huzaliwa na mshono uliofunga kabla ya wakati wake. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wala haukuletwa na kulala; huenda ukataka kupasuliwa, na kuchelewa kuna hatari.

3. Mtoto amefika miezi minne naye hawezi kuinua kichwa.

4. Utosi umevimba, hasa akiwa na homa, akitapika au akilegea. Au umebonyea hali ana kuhara. Huyu apelekwe hospitali siku ile ile.

Asiye na dalili hizo, mzazi wake na ashike kazi kwa saburi. Aanzapo kugeuka mwenyewe na kukaa, yapata mwezi wa sita, kichwa hupumzika na godoro na umbo hurudi kidogo kidogo. Pengine hubaki ubapa mdogo ambao mama peke yake huuona.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Miezi ya kwanza ndiyo miezi ya kazi hii, na kazi yenyewe haina gharama ila uangalifu. Mtoto alalapo, awe chali; aamkapo, awe kwa tumbo mkekani, kifuani, au mgongoni mwa mama yake.