Mafuta ya taa na gundi: ndugu wawili hatari

Mitaani Kibera na Kawangware, mafuta ya taa mara nyingi huwekwa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hudhani ni maji.

Mafuta haya ni haidrokaboni, nyingi zikiwa za alifatiki: kaboni zake hushikana kama mnyororo. Yakiingia mapafuni huleta nimonia. Kwa hivyo, mzazi, usimtapishe mtoto wala usimlazimishe kunywa maziwa. Mkimbize hospitalini.

Gundi ya viatu wanayonusa chokoraa mara nyingi huwa na tolueni. Hii ni haidrokaboni ya aromatiki: kaboni zake sita huunda pete. Mvuke wake hulevya, na ukizoewa huharibu ubongo.

Weka mafuta juu, katika mtungi wenye kifuniko, kamwe si katika chupa ya soda.